Shelisheli la Kukaanga Hukaa Siku Ngapi

Waliokuwemo ndani ya duka la intaneti la Ikramu alasiri ile tulikuwa sita, na ninawataja mapema ili asitokee mtu baadaye akasema naye alikuwemo. Alikuwemo Ikramu mwenyewe, mwenye duka, binti wa Bakari mshonaji. Alikuwemo Bakari, kwa kuwa duka la binti yake ni chumba cha nyuma cha duka lake, na hufiki kwenye kompyuta za binti mpaka upite kwenye cherehani ya baba. Alikuwemo Zaituni, mwenzangu wa benchi la chakula langoni mwa shule. Mama yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja. Nilikuwemo mimi, Anziza. Alikuwemo Rukia, mwanafunzi wa miaka kumi na mitatu, jirani yangu wa mlango kwa mlango, ambaye huniita Koko kama waniitavyo watoto wote, maana kwetu koko ndiye bibi. Na mwisho aliingia Echati, mama yake Rukia, mikono imejaa unga. Wengine wanaodai walikuwemo walikuwa dirishani. Dirishani si ndani.

Nitafika kwenye alasiri hiyo. Mabinti mliorithi benchi letu mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa, na kazi haikuanzia kwa Ikramu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mama yangu alilelewa Unguja, naye ndiye aliyenifundisha kuandika. Shule ya Kifaransa nilikaa miaka miwili tu, nikatoka na kuhesabu na wimbo mmoja. Mjukuu wangu ananinyooshea herufi, lakini maneno nimemkataza kuyagusa.

Kazi niliianza Moroni, kwa Bweni Sitti. Bweni ni kumwita mwanamke kwa heshima, na huyu alistahili hata angekuwa hana jina. Alikuwa akipika karibu na msikiti wa Ijumaa wa zamani, na wakati wa mapumziko anasimama na karai lake langoni mwa shule. Mimi nilikuwa msichana wa kisiwa cha Ndzuani niliyevuka kwenda Ngazidja, kisiwa cha Moroni, kukaa kwa shangazi, sina la kufanya, na shangazi akachoka kuniona. Siku ya kwanza nilifika nimejifunga leso mpya, nimeosha mikono kwa ndimu, tayari kushika upawa. Bweni Sitti akanitazama, akaninyang'anya upawa niliokwisha kuushika, akaniambia nikasimame pale langoni nijifunze majina.

Nikauliza majina ya nini. Akasema ya watoto. Nilidhani ananifanyia mzaha kwa kuwa mimi ni Mndzuani. Lakini wiki tatu nzima sikugusa chakula. Kila siku ananiuliza: yule mwenye kovu puani ni nani, mama yake nani, jana alikula au alimgawia mwenzake? Nikikosea, narudia kesho. Siku moja nilimwambia kwamba kaka zangu wangejua nimekwenda Moroni kuhesabu watoto wa watu wangenicheka. Akanijibu huku anageuza mabawa ya kuku kwenye chanja, hata hakuniangalia.

"Anziza, mtoto usiyemjua jina utamlisha kama unavyomlisha kuku. Unamwaga, unaondoka."

Mpaka leo nayajua majina yale. Niamsheni wakati wowote nitawatajia benchi la kwanza la darasa la nne: Mwinyi, Faida, Sharifa na yule Nuru aliyekuwa akila ganda la limau.

Upawa ulipokuja kuruhusiwa, nilifundishwa mambo ambayo ninyi mnayajua lakini mnayafanya kwa haraka. Kuku wa kuchoma hulowekwa kwa ndimu na kitunguu saumu, achemke kidogo ndipo apande kwenye chanja, la sivyo anaungua nje na ndani ni mbichi. Shelisheli likatwe wembamba mmoja, maana kipande kinene na chembamba vikikaa karai moja kimoja lazima kionewe. Mafuta usiyapime kwa mate. Bweni Sitti alimfukuza msaidizi mmoja kwa jambo hilo, na alikuwa mpwa wake. Tupa kipande kimoja. Kikizama na kukaa, subiri. Kikipanda kinaimba, tia vyote. Vikianza kuwa vya dhahabu, nyunyiza kijiko cha maji ya chumvi mle mle kwenye mafuta, urudi nyuma hatua moja. Hatua hiyo ya kurudi nyuma ni sehemu ya mapishi. Ninayo alama mkononi ya siku niliyoisahau.

Matangazo ya chakula niliyaona kwa mara ya kwanza huko huko Moroni. Nyumba moja ya tajiri mtaani ilikuwa na dishi la televisheni, na watoto walikuwa wakijazana barazani kutazama kupitia pazia. Siku zikaanza kuja ambapo mtoto ananiuliza kama ninayo biskuti ya yule sungura. Sungura gani? Yule anayeruka. Bweni Sitti hakukasirika. Alikwenda barazani mwenyewe, na umri wake ule, akakaa na watoto, akatazama sungura kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Aliporudi alisema, "Anajua kazi yake, yule sungura. Anamwangalia mtoto machoni." Ndivyo alivyokuwa. Hakumtukana mshindani wake kabla ya kumsoma. Nimeishi miaka mingi nikitafuta mtu mwingine wa namna hiyo, na nimempata mmoja tu, nitamtaja.

Kisha Ndzuani ikajitenga na serikali ya Moroni. Mambo ya siasa waandike wengine, mimi nasema ya karai. Moroni watu wakaanza kutuangalia sisi Wandzuani kwa jicho la pembeni, halafu kwa jicho la mbele, halafu kwa maneno. Bweni Sitti alinificha chumbani kwake siku nne, na kwa wanaume waliokuja kuuliza alisema ndani kuna mgonjwa wa surua. Sijui ni watu wazima wangapi waliwahi kuokolewa na surua. Nilipopata njia ya kurudi kwetu alinipa chanja yake ya chuma, ile yenye mguu mmoja mfupi, ambayo ninyi mnaitegemeza kwa jiwe hadi leo. Hatukuonana tena. Mungu amrehemu.

Mutsamudu, mji wetu wa Ndzuani, nilifikia nyumba ya mama yangu, chini ya ngome, kwenye vichochoro ambamo watu wawili wanene hawapishani bila kusalimiana. Moroni niliitwa Mndzuani. Nyumbani, kwa lafudhi niliyorudi nayo, wakaniita Mngazidja. Zaituni alikuwa na benchi langoni mwa shule, akanikaribisha nusu yake. Wiki za mwanzo sikupika. Nilisimama langoni nikajifunza majina. Zaituni alifikiri safari imeniharibu akili.

Miaka ikapita, mara tumejitenga, mara tumepatana, mara tumegombana tena. Katika miaka hiyo Ikramu akafungua duka lake. Alikuwa na kompyuta nne alizozileta kutoka Mahajanga, ng'ambo ya bahari, alikosomea, meza mbili, na pazia lililoshonwa na baba yake kwa mabaki ya suti. Watoto walikwenda kusikiliza muziki, kucheza michezo na kuandikiana na ndugu walio Maore na Ufaransa. Pembeni mwa muziki na michezo kulikuwa na picha za chakula. Mimi sikuzijua mpaka zilipofika benchini kwangu, zikiwa vinywani mwa watoto.

Walianza kuuliza kwa nini shelisheli langu halina boksi. Kisha kwa nini kuku wangu ana mifupa. Walikuwa wakinisimulia mkate unaofunguka wenyewe, nyama inashuka, jibini inashuka, majani yanashuka, mkate unajifunga, halafu unakukonyeza. Nilisema chakula kinachokukonyeza ni cha kuogopwa. Wakacheka, lakini hawakununua.

Nikafanya kosa ambalo Zaituni ananitania nalo hadi leo. Nilidhani watoto wanataka karatasi, basi nitawapa karatasi. Fundi Abasi, mwalimu wa hesabu (kwetu mwalimu tunamwita fundi), alinipa rundo zima la karatasi zilizoandikwa, akasema hazina kazi tena. Nikazikunja pembe nzuri, nikatia shelisheli. Siku hiyo benchi lilivamiwa. Nikamwambia Zaituni, unaona? Mpaka nikamsikia mtoto mmoja ananiambia, "Koko, mimi nipe iliyofungwa na Saidi." Nikauliza Saidi amefunga nini. Kumbe zilikuwa karatasi za mtihani zenye alama nyekundu, na watoto walikuwa wakinunua aibu za wenzao. Saidi wa Maulida alinunua pembe nane siku ile ili tu azipate zake. Fundi Abasi alikuja mbio jasho linamtoka. Lakini nililipata somo: chakula walikiacha kwenye benchi, karatasi wakaondoka nazo. Mtoto alikuwa ananunua habari.

Halafu ukaja mzingiro. Kisiwa kilikatwa tena, meli na ndege za Moroni zikasimamishwa, mafuta ya taa na ya magari yakawa hadithi, mchele ukawa mgeni. Umeme ulikuja saa chache, na ukija ulijua bila kutazama taa, kwa vishindo vya miguu ya watoto wakikimbilia kwa Ikramu. Nyumbani kwao wanakula shelisheli la kuchemsha asubuhi, ndizi mbichi mchana na shelisheli jioni. Kwa Ikramu wanatazama mkate unafunguka na kujifunga. Nilimwuliza Ikramu mbona asiziondoe picha zile. Akasema hana uwezo, zinakuja zenyewe pamoja na ukurasa, kama nzi na samaki. Ila alikuwa amekaa akazitazama moja moja, jinsi zinavyokuja na zinavyosubiri. Nikamkumbuka Bweni Sitti na sungura wake. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda msichana yule.

Rukia alikuwa mmoja wa waliokuwa wakikimbia. Mtoto mwepesi wa akili. Barua za Kifaransa za mtaa mzima ndiye aliyezisoma. Alikuwa amekonda, kama sote, lakini yeye kwa hiari zaidi: shelisheli alikuwa halitaki tena. Nilimwekea kipande chake kila siku, kila siku akampa mwenzake. Siku moja aliniambia kwa adabu zote kwamba chakula changu kinanuka moshi. Ni kweli, kinanuka moshi. Miaka yote kilikuwa kinanuka moshi.

Basi Jumanne moja akaja benchini wakati wenzake wamekwisha kuingia darasani. Akakaa, akakunja mikono.

"Koko, shelisheli la kukaanga hukaa siku ngapi?"

Nilifurahi. Nikamjibu kama mpishi: ukilikata jembamba, ukalikausha vizuri, ukaliacha lipoe kabisa kabla ya kulifunga, siku mbili, hata tatu. Pilipili usiitie, hiyo ndiyo huchacha kwanza.

Akafikiri. "Na likirushiwa maji ya bahari?"

Nikaanza kumjibu kwamba likilowa halifai tena. Nikaweka upawa chini. Mtoto ambaye hali shelisheli langu anauliza linakaa siku ngapi, na kama linavumilia maji ya bahari. Wakati ule kila mtu wa Mutsamudu alijua ni nani wanaouliza hivyo. Ni watu wa kwasa, zile mashua ndogo za injini zinazovusha watu kwa kujificha kwenda Maore, kisiwa kilichobaki mikononi mwa Ufaransa. Safari yenyewe ni ya saa chache Mungu akipenda, na ya siku nyingi asipopenda. Kuna majina nayajua ambayo yalipanda na hayakushuka.

Nikamwuliza taratibu anasafiri na nani. Hakukataa, Rukia hakuwa mwongo. Binamu yake Mahamudu, kijana wa miaka kumi na minane, alikuwa na nafasi kwenye kwasa itakayoondoka Alhamisi kutoka ufuo mmoja kupita Mirontsy, na nahodha amesema mtoto mwembamba atabanwa pembeni. Nikauliza kuna nini Maore. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa ameinakili kwa mwandiko wake mzuri, na chini ameandika namba ndefu.

Ulikuwa mwaliko. Mkahawa mmoja wa Mamudzu, mji wa huko Maore, ambao jina lake silitaji kwa kuwa limekwisha kutajwa vya kutosha, ulikuwa umemwambia kwenye kompyuta kwamba yeye ni mgeni wao wa elfu, amechaguliwa kati ya wote, atakula na mwenzake bure mwaka mzima, afike tu na namba yake. Rukia alikuwa amekwisha kupanga. Yeye atakula nusu. Nusu ya pili na mlo wa mwenzake wote ataufunga, aupeleke kwa watu wa kwasa zinazorudi, umfikie mama yake na wadogo zake. Ndiyo maana alitaka kujua chakula kinavyofungwa.

Nilimwambia aache. Akaniangalia kama mtu aliyekoseshwa heshima na mtu anayemheshimu.

"Koko, wewe ndiye uliyetufundisha. Mwaliko hauachwi. Usipokwenda, unatuma mtu. Usipotuma mtu, umewatukana."

Na kweli nilikuwa nimewafundisha hivyo. Kwetu mwaliko wa harusi huletwa na wanawake wanaopita mlango kwa mlango, wanakutaja kwa jina lako na la mama yako, nawe hujibu kwa miguu yako. Mtoto amealikwa, anataka kujibu kwa miguu yake. Nikimwambia mama yake, Echati atamfungia, na Rukia ataruka dirisha hata kabla ya Alhamisi. Nikinyamaza, atapanda. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilimwachia Zaituni karai, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaenda kwa Ikramu. Nikamsimulia. Nilitarajia atakasirika, au atalia, au atasema si yeye. Hakufanya hata moja. Aliipanga mikeka ya kipanya, akauliza Rukia anaamini nini hasa: kwamba chakula ni kizuri, au kwamba wamemwita yeye? Nikasema wamemwita yeye. Akasema basi nimlete kesho alasiri umeme ukija, na nije mimi pia, kwa sababu atanihitaji mimi kuliko yeye.

Siku ya pili tukaenda. Zaituni alifuata kwa sababu haachwi. Bakari alisimamisha cherehani kutupisha, kisha akafuata, kwa kuwa aliona wanawake wawili na mtoto wanaingia kimya, na kwake hiyo ni ishara mbaya. Rukia alikuwa amejiandaa kwa mahubiri, amekaza shingo. Ikramu hakumhubiria. Aliniambia mimi, "Koko, kaa hapa," akanivutia kiti.

Nilikuwa sijawahi kukaa mbele ya kitu kile. Akaniwekea mkono juu ya kipanya, akaniambia nibonyeze hapa, na hapa. Ukurasa ukaja polepole, kama mtu anayevaa. Kisha pembeni mkate ukafunguka. Nyama ikashuka, jibini ikashuka, na nasema kweli, mate yalinijaa. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Ulipokwisha kujifunga, ukatokea mraba mwekundu wenye maandishi yanayowaka na kuzima.

"Mimi Kifaransa sikijui," nikasema. "Rukia, nisomee."

Akasoma. Alianza kwa sauti yake ya kusomea barua za watu. "Hongera. Wewe ni mgeni wetu wa elfu. Umechaguliwa..." Hapo sauti ikapungua mwendo. Ikramu akamwomba amalizie. Akamaliza. Mlo wa watu wawili, mwaka mzima, Mamudzu.

Ikramu akaniinua, akamketisha Zaituni kwenye kompyuta ya pili. Mkate ukafunguka, mraba ukawaka. Zaituni naye ni mgeni wa elfu. Akauliza kama anaweza kunichukua mimi kuwa mwenzake, maana nampikia vibaya miaka yote. Akaketi Bakari kwenye ya tatu, miwani puani. Mgeni wa elfu.

"Daktari amenikataza chumvi, mafuta na sukari," akasema Bakari, "na hawa wananialika mwaka mzima. Nimewakosea nini?"

Dirishani wakacheka. Rukia hakucheka. Alikuwa ameitoa karatasi yake, ameifungua, anaisogeza karibu na kioo. Kidole chake kilipita juu ya namba moja moja, kwenye karatasi na kwenye kioo, kwenye karatasi na kwenye kioo. Akaenda kompyuta ya pili, akafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemharakisha. Namuona mpaka leo, mgongo wake mwembamba na sare iliyopauka.

"Mtu wa elfu ni mmoja," akasema. "Na namba ni ileile."

"Ndiyo," Ikramu akasema.

"Basi hawanijui."

"Hawakujui."

Niliona jibu lile ni kali kwa mtoto. Baadaye nilielewa kwamba lilikuwa ni heshima: alimjibu kama mtu mzima anavyojibiwa. Rukia aliikunja karatasi mara nne kama ilivyokuwa. Kilio hakikuja, na hilo lilinitisha kuliko kilio, kwa sababu Alhamisi ilikuwa kesho na kwasa haihitaji mwaliko.

Hapo ndipo Echati alipoingia. Wale wa dirishani walikuwa wamekwisha kumpelekea habari yote na ziada. Alikuja mbio na unga wa muhogo mpaka viwikoni, na sote tulisogea, maana tulijua mkono wa Echati. Akasimama. Akamtazama binti yake, akatazama vioo vitatu vinavyowaka hongera. Sijui alielewa kiasi gani, kusoma hakujua. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeita kutoka jikoni:

"Rukia binti Halidi, mwana wa Echati, wa nyumba ya Mwanaesha. Nakualika nyumbani kwangu. Mikate iko motoni na sina mtu wa kula nami."

Ndivyo wanawake wetu wanavyoalika harusini: jina, baba, mama, nyumba. Rukia akatazama chini, na sasa machozi yakaja. Lakini akajibu kwa miguu yake. Walitoka wakiwa wameshikana, wakiacha unga juu ya pazia la Bakari, naye hakulipangusa mpaka kesho yake.

Alhamisi hakupanda. Karatasi yake alimpa Mahamudu, akamwambia akajaribu kama anataka, ila asimwulize kwa nini yeye haendi. Mashua ile ilifika. Sitaizamisha ili hadithi yangu ipendeze. Ile ya wiki iliyofuata haikufika, na majina ya waliokuwemo ninayo, lakini ni ya mama zao kuyaandika, si yangu. Mahamudu alipopiga simu alisema alikwenda mpaka kwenye mkahawa. Msichana wa mezani aliitazama karatasi kwa muda mrefu, akampa gilasi ya maji, akamwomba asimame pembeni ya foleni.

Nilichojifunza baada ya hapo ndicho mnachokifanya ninyi kila siku bila kujua kilikotoka. Mimi na Zaituni tulianza kupita milangoni jioni kabla ya giza. Tunamwita mtoto mmoja kwa jina lake na la mama yake, tunamwambia kesho sahani ya kwanza ni yako. Rukia alitutungia orodha ili kila mmoja apate zamu. Ikramu akapiga picha karai langu, akaiweka kwenye kompyuta zote nne ili iwe ya kwanza kuonekana zinapowaka, na chini yake jina la mtoto mwenye zamu. Alifanya hivyo kwa muda wote umeme ulipokuja, bila kuombwa. Nilimwuliza kama hataki chochote. Akasema anataka kipande chembamba, kile kilichoungua pembe.

Watoto walirudi benchini. Ningependa kusema walirudi kwa sababu ya mwaliko. Walirudi pia kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kula, na mpishi mwenye akili hasahau jambo hilo. Walipokuja askari, mzingiro ukaisha, mchele ukarudi, baadhi ya watoto wakapotea tena wakifuata maboksi. Lakini mtoto wa zamu hakukosa hata siku moja. Anaweza kuacha shelisheli. Kuacha jina lake hawezi.

Leo kila mtoto ana duka la Ikramu mfukoni. Mkate unafunguka naye akiwa kitandani, na sasa, naambiwa, unamwita hata kwa jina. Mabinti zangu, msilichukulie hilo kwa urahisi, na msiwacheke watoto. Mimi bibi mzima nilijaa mate. Ikramu yuko Mahajanga na watoto watatu: Salha, Bakari mdogo na Sitti, na alipozaliwa huyo wa mwisho Ikramu alinipigia kuniuliza kama alitumie jina hilo. Rukia anafundisha shule ya Patsy. Kila mwaka huwaambia wanafunzi waweke simu tano juu ya meza, wafungue ukurasa mmoja kwa pamoja, halafu anakaa kimya mpaka mmoja wao aone.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Zaituni anasema ilikuwa Jumatatu, si Jumanne, na kwamba Echati hakutaja nyumba ya Mwanaesha, mimi ndiye nimeiongeza kwa utamu. Huenda. Echati hayupo tena wa kuulizwa. Ikiwa kati yenu au mama zenu kuna aliyekuwa ndani, au hata dirishani, na nimemkosea siku, neno au jina, nisahihisheni. Lakini msiniandikie kwenye simu. Njooni mlangoni, mniite.